Kuchanga karata, au jinsi nilivyomwita Fundi tapeli

Nimepotea wiki mbili nzima, najua, na kuna waliotuma meseji kuuliza kama nimepata sapu au nimeoa. Hakuna. Nilikuwa nasoma. Ila sikuwa nasoma Saikolojia ya Elimu kama mwanafunzi wa ualimu anavyotakiwa, nilikuwa nasoma historia ya watu wanaochanga karata. Sababu yenyewe hainipi sifa, lakini kwa kuwa nusu ya bweni wanaijua nusunusu, bora niimalizie mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa. Bumu halijatoka (liliwahi kutoka lini kwa wakati?), tupo wanne chumbani tunacheza lasti kadi. Tulianza bure, kama raundi nne tano hivi za kuua muda, halafu mmoja wetu akasema tuweke mia tano mia tano, mshindi anazoa. Mchangaji alikuwa Fundi. Fundi si jina lake, tunamwita hivyo kwa sababu anatengeneza simu za bweni zima, ana vidole vinavyoshika skrubu ambayo mimi siioni hata nikivaa miwani. Akachanga, mimi nikakata, akagawa mbili mbili kama tulivyozoea ili tuwahi. Raundi ya kwanza jamaa ana namba mbili ya kopa na ya shupaza, katulisha karata mpaka tukashiba. Raundi ya pili ana namba mbili mkononi, tena ziko jozi. Raundi ya tatu jozi ileile na joka juu yake. Nikatupa karata zangu kitandani, nikamwambia mbele za watu: "Unapanga karata wewe."

Hakubisha. Alitoa elfu sita yote, pamoja na mia tano zake tatu ambazo ni halali yake, akaiweka kitandani, akatoka. Toka siku hiyo haji chumbani kwetu.

Nilichofanya baada ya hapo ni kutafuta ushahidi. Nilitaka nijue mtu anazipangaje karata huku anaonekana anazichanganya, ili nikishajua nimwoneshe kila mtu kwamba nilikuwa sahihi. Ndiyo hivyo, nilianza kusoma nikiwa na hukumu tayari mfukoni.

Nilianzia kwenye neno lenyewe. Kuchanga karata maana yake ni kuzivuruga ili asijue mtu ipi iko wapi. Lakini sikiliza redio wakati wa uchambuzi wa michezo: kocha "kachanga karata zake vizuri", maana yake kapanga. Mgombea kashinda kwa sababu "alichanga karata zake mapema", alipanga. Neno moja linabeba kuvuruga na kupanga kwa pamoja, na hakuna anayeshtuka. Nimelitumia maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo.

Majina mengine yana safari ndefu zaidi. Karata, turufu, kopa, uru, shupaza, pau, yote tuliyapata kwa Wareno waliokuja pwani yetu baada ya Vasco da Gama kupita mwaka 1498. Kwa Kireno kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga na pau ni marungu. Ndiyo maana jina na picha haviendani: tazama pau, pale kuna ua la majani matatu, rungu liko wapi? Picha tunazotumia ni za Kifaransa, majina yamebaki ya Kireno. Na Wazungu nao hawakuzibuni peke yao. Walizipata katika miaka ya 1370 kutoka Misri ya Wamamluki, na karata za Kimamluki zenye vikombe, sarafu na panga zimehifadhiwa mpaka leo jumba la Topkapi, Istanbul. Mwaka 1377 mji wa Florence ulishapitisha amri dhidi ya mchezo huo mpya. Yaani karata hazijapoa, serikali imeshakasirika.

Matapeli hawakuchelewa pia. Daktari mmoja wa Italia, Girolamo Cardano (1501 hadi 1576), alikuwa mwanahesabu na mcheza kamari wa kutupwa. Aliandika kitabu cha kwanza tunachokijua kuhusu hesabu za uwezekano kwenye michezo ya bahati, kikachapishwa mwaka 1663 yeye akiwa kaburini. Kwenye maelezo ya maisha yake anasimulia kwamba huko Venice aligundua karata za mwenyeji wake zina alama, akamchana uso kwa jambia. Baba wa hesabu za uwezekano! Nilipofika hapo nilijiona mpole sana, mimi nilitupa karata tu.

Lakini aliyenisimamisha ni Mwingereza mmoja wa Kent, Reginald Scot. Mwaka 1574 aliandika kitabu cha kilimo cha hopsi, ule mmea wa kutilia kwenye bia. Miaka kumi baadaye, 1584, akatoa kitabu kingine kabisa, The Discoverie of Witchcraft, na ndani yake kuna maelezo ya mazingaombwe ya mipira, sarafu na karata. Anaeleza jinsi ya kuikazia macho karata moja, labda ya chini kabisa, halafu unachanga kwa bidii mbele ya watu huku ile karata haitoki mahali ulipoiweka. Ukishajua ipo wapi, mengine ni maneno matupu. Anatahadharisha pia kuhusu kucheza na watu usiowajua, hasa yule anayejifanya mjinga au mlevi.

Sasa mkulima wa hopsi anatafuta nini kwenye karata? Scot alikuwa anaona watu wananyongwa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee na maskini. Hoja yake ilikuwa kwamba mengi yanayoitwa uchawi ni wepesi wa vidole, au uongo, au hofu ya wanaotazama. Akafunua siri za karata ili kuonesha kwamba jambo likikushangaza, mshangao wako si ushahidi dhidi ya mtu. Mimi natoka Kanda ya Ziwa. Nimekua nikisikia bibi wa watu anavyosemwa kwa sababu tu macho yake ni mekundu, wakati macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Nikajiuliza mimi nilikuwa na nini dhidi ya Fundi zaidi ya vidole vyake. Nikafunga simu, nikalala. Asubuhi nikaendelea.

Tuvuke bahari sasa, maana ufundi huu ulikomalia Marekani. Karne ya 19 meli za mvuke zilikuwa zinapanda na kushuka mto Mississippi zimejaa wafanyabiashara wa pamba wenye fedha taslimu na muda wa kupoteza, na nyuma yao wakaja wacheza kamari wa kazi. Julai 1835, mjini Vicksburg, wananchi walivamia nyumba ya kamari, daktari mmoja akapigwa risasi akafa, na umati ukawanyonga wacheza kamari watano bila mahakama. Hiyo haikuwazuia wengine. Mmoja wao, George Devol, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1887 bila aibu yoyote. Aliwahi kushirikiana na jamaa aliyeitwa Canada Bill Jones, bingwa wa mchezo wa karata tatu. Ndiyo, karata tatu, huohuo wa "nyekundu iko wapi" unaochezwa stendi kwetu juu ya kiboksi. Mwaka wa kwanza, nikiwa ndio nimeshuka kwenye basi na begi langu, niliachia nauli na hela ya godoro kwa vijana wa kiboksi hicho. Canada Bill alikuwa anavaa na kuongea kama mshamba wa mwisho, watu wakawa wanamwonea huruma huku wanaliwa. Aliyenila mimi alikuwa na kigugumizi. Mpaka leo sijui kama kilikuwa cha kweli. Nadhani Ijumaa ile nilikuwa nalipiza kisasi cha kiboksi kwa mtu asiyehusika.

Haya, turudi kwenye kuchanga. Mwaka 1902 Chicago kilitoka kitabu The Expert at the Card Table, mwandishi S. W. Erdnase. Hilo jina ukilisoma kinyumenyume unapata E. S. Andrews, na watu wamewinda Andrews wa kila aina zaidi ya miaka mia moja bila kukubaliana ni yupi. Mwaka 1946 mwandishi Martin Gardner alimpata mchoraji wa picha za kitabu, Marshall Smith, akamhoji, bado kitendawili hakikuteguka. Nilichompendea Erdnase ni kwamba hajifanyi mlokole. Matapeli wengi walioandika walianza kwa kutubu, eti nawafunulia ili mjihadhari. Yeye dibajini anakiri tu kwamba ana shida ya pesa. Kama mtu anayesubiri bumu, nilimwelewa, teh teh.

Ndani ya kitabu kuna kitu nilichokuwa nakitafuta. Tuseme mko wanne, karata zinagawiwa moja moja, na mgawaji anajipa ya nne, ya nane, ya kumi na mbili. Ana ree tatu anazozitaka. Kazi yake ni kuhakikisha kati ya ree moja na nyingine kuna karata tatu za wenzake, basi. Anashika pakiti kama sisi tunavyoshika, anamwaga vifungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ila mahali fulani kidole gumba kinavuta karata moja moja badala ya kifungu: moja, mbili, tatu, halafu ree. Karata moja anaiacha imechomoza kidogo upande wake, kama alama ya kitabu, ili baadaye ajue pa kukamata. Anayetazama anaona mtu anachanga. Kelele ni ileile na mwendo ni uleule. Erdnase anasisitiza mwendo usibadilike, maana anayesita ndiye anayekamatwa.

Adui wa kazi yote hii ni mtu anayekata. Ukipanga vizuri juu halafu mwenzako akakata katikati, kile ulichopanga kinazama. Kwa hiyo walibuni njia za kurudisha mkato kimyakimya, na mwanamazingaombwe Dai Vernon, aliyezaliwa Ottawa mwaka 1894 na kusoma Erdnase tangu utotoni, alisikia gerezani kwa mfungwa mmoja kwamba yupo mtu anayeweza kugawa karata kutoka katikati ya pakiti kana kwamba anatoa juu. Vernon akazunguka kumsaka mpaka akamkuta mwaka 1932, Pleasant Hill, Missouri. Aliitwa Allen Kennedy. Vernon hakumpeleka polisi, alimwomba amfundishe.

Hapo ndipo njia inapokata kona. Vernon alikuja kuwa mwalimu wa wanamazingaombwe wengi, na miongoni mwao alikuwa kijana wa New York aliyetoroka kwao akiwa na miaka 14 kwenda kuzurura naye. Persi Diaconis. Alipokuwa anahangaika na kamari alinunua kitabu kikubwa cha uwezekano cha William Feller, akakuta hasomi hata ukurasa mmoja akauelewa. Akaamua kurudi shule, madarasa ya jioni, ili tu aweze kukisoma. Mwaka 1974 akapata udaktari wa falsafa Harvard. (Somo la motisha tunafundishwa kwa slaidi arobaini, na hakuna hata moja inayomtaja huyu jamaa.)

Kabla yake wanamazingaombwe walishaingia hesabu. Kuna uchangaji unaokata pakiti nusu kwa nusu, 26 na 26, halafu unazisuka karata moja ya huku moja ya kule bila kukosea hata moja. Maskelyne wa London aliueleza katika kitabu chake cha 1894 kuhusu mbinu za matapeli. Ukisuka hivyo kikamilifu mara nane, karata ya juu ikibaki juu kila mara, pakiti yote inarudi ilivyokuwa mwanzo. Katika miaka ya 1950 Alex Elmsley, mtaalamu wa kompyuta wa Uingereza, aliona kwamba unaweza kuipeleka karata ya juu popote. Unataka iwe na karata 6 juu yake? Andika 6 kwa namba za moja na sifuri: 110. Moja, suka ukiifukia ndani. Moja, ndani tena. Sifuri, iache nje. Nimekaa na biskuti za kaka yangu mdogo kuhakikisha, maana vidole vyangu haviwezi kusuka. Inakubali.

Diaconis akaja na swali la upande wa pili. Badala ya kuuliza tapeli anazipangaje, aliuliza mtu mwaminifu anazichanganya lini. Mwaka 1992 yeye na Dave Bayer walichapisha jibu kwa ule uchangaji wa kusuka, wa watu wa kawaida wanaokoseakosea: mara saba hivi. Njia yao inaeleweka hata na mwanafunzi wa kidato cha pili. Panga karata 1 hadi 52, kata, suka mara moja. Ukiangalia utakuta misururu miwili tu inayopanda, imeingiliana. Mara ya pili misururu haizidi minne, mara ya tatu minane, mara ya tano 32. Lakini mpangilio wa kinyume kabisa, 52 kushuka hadi 1, una misururu 52. Kwa hiyo ukisuka mara tano, mpangilio huo hauwezi kutokea hata ukiombewa. Walipima umbali kutoka kwenye kuchanganyika kamili, 1 ikiwa ni bado kabisa na 0 ni tayari. Baada ya kusuka mara nne kipimo bado ni 1.000, mara tano 0.924, mara sita 0.614, mara saba 0.334, halafu kinapungua karibu nusu kila mara.

Na huo ni uchangaji mzuri. Ule wetu wa kumwaga vifungu, Robin Pemantle aliuchunguza mwaka 1989, na idadi inayotakiwa inaingia kwenye maelfu. Maelfu! Sisi huwa tunamwaga mara tatu halafu mtu anapiga kelele "gawa bwana".

Nikachukua kalamu. Lasti kadi yetu ina karata 54 na majoka. Kwenye rundo la kutupia, namba mbili hukaa juu ya namba mbili, ndio mchezo wenyewe ulivyo, ukilishwa unalisha. Kwa hiyo tukikusanya rundo, namba mbili ziko jozi kabla hata mtu hajazigusa. Karata 54 zina maungio 53 kati yake. Ukimwaga vifungu kumi unavunja maungio tisa, 44 yanabaki. Jozi moja ina nafasi 44 kati ya 53 ya kupona, na ukimwaga mara tatu nafasi ya kupona zote ni kama asilimia 57. Halafu nakata mimi, na mkato mmoja unavunja ungio moja tu. Halafu tunagawa mbili mbili, yaani jozi iliyopona ikikaa sawa inakwenda nzima nzima kwa mtu mmoja. Hatukuhitaji tapeli. Tulikuwa tunapanga sote wanne, kila raundi, kwa uvivu.

Niseme ukweli, hii haithibitishi kwamba Fundi hakupanga. Jozi ingeweza kumwangukia yeyote kati yetu, na mara tatu mfululizo kwake bado ni bahati kubwa. Lakini kwa siku zote hizi nilikuwa natafuta jinsi alivyofanya, na nilichopata ni kwamba nilichokiona kinaweza kutokea bila yeye kufanya lolote. Na aliyekata nilikuwa mimi.

Jana jioni nikaenda chumbani kwake. Alikuwa na simu ya mtu imefunguliwa mezani, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa. Nikamweleza yote, Scot, maungio 53, asilimia 57, nikataka na kumchorea. Alinisikiliza bila kuinua kichwa. Halafu akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, umenisafisha kwa hesabu?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kuomba msamaha, hesabu ni maelezo tu. Na kwamba ningetakiwa kuja siku ileile kabla ya kusoma chochote.

Akanyamaza. Baadaye akanipa tochi ya simu yake nimshikie, taa ya mezani haimuliki vizuri. Nikashika mpaka skrubu ya mwisho ikaingia, kama saa moja na kitu, mkono umekufa ganzi, hatukuongea kingine zaidi ya "shusha kidogo" na "hapohapo". Nilipotoka alisema usiku mwema.

Ile elfu sita iko kwenye kabati langu ndani ya daftari la Saikolojia ya Elimu. Nilijaribu kumwachia, akanirudishia. Wenzangu wawili nao hawaitaki. Kesho Ijumaa, na nimewaambia kama tunacheza tunasuka mara saba, na kama hatuwezi kusuka basi tunazimwaga zote sakafuni na kuzikoroga kwa mikono minane. Tuliomwalika ni wanne. Sijui kama atakuja.